Sura ya 4: Macho ya Kuazima

Mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu, huko Muheza, ulikuwa na kivuli kizito hata mchana wa jua kali sote tulihamia chini yake: watoto, kuku, mbuzi wa jirani. Bibi alikaa barazani akipepeta mchele, na macho yake yalikuwa yameshaanza kumwacha. Lakini shorewanda wa pale mtini walipobadili sauti, wakaacha porojo zao za kila siku na kuanza kelele za kukwaruza, za kufululiza, wote wamegeukia tawi moja, aliuweka ungo chini. "Haya wajukuu zangu, tokeni hapo. Ndege wanamsema mtu." Huyo "mtu" alikuwa nyoka. Siku nyingine tulimwona, mwembamba, wa kijani, amejinyoosha juu ya tawi kama kitawi kingine. Siku nyingine hatukumwona kabisa, na bado hatukuruhusiwa kurudi kivulini mpaka shorewanda wanyamaze.

Kiswahili kina neno la jambo alilokuwa akilifanya bibi: kudukiza, yaani kutega sikio kwenye maneno ambayo hukuambiwa wewe. Mtaani ni tabia ya aibu, na mdukizi hana marafiki. Shorewanda hawakuwa wakisema na bibi. Walikuwa wakiitana wenyewe kwa wenyewe ili wamzonge nyoka hadi achoke aondoke. Habari ilipita barazani, na bibi akaichukua. Sura hii ni ya wanyama wanaofanya kama yeye, na wengi wao wasingefika jioni bila tabia hiyo.

Naanza na digidigi, kwa kuwa ndiye mwenye shida kubwa. Ana uzito wa kilo tatu hadi tano tu. Chui anamtaka, duma anamtaka, simbamangu, mbweha, chatu na tai vilevile. Nyumbu au swala pala huishi kundini, kwa hiyo mmoja akiinamisha kichwa kula, wenzake kumi wameinua vyao. Digidigi ana mwenzi wake mmoja na pengine mtoto. Tena ni mfupi: akisimama kwenye nyasi na vichaka vya Laikipia, anachokiona mbele yake ni majani. Lakini juu ya mgunga ulio karibu naye hukaa ndege wa kijivu mwenye tumbo jeupe na kishungi kirefu, jamaa ya shorobo, mwenye mlio mkavu wa puani unaofanana na wa mbuzi. Ndege huyo anaona mbali, na akiona jambo hawezi kunyamaza.

Mwaka 2008 Amanda Lea na wenzake watatu walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Mpala, katika Laikipia hiyohiyo. Waliwachezea digidigi, kwa spika, mlio wa tahadhari wa ndege yule mwenye kishungi, na wakati mwingine wimbo wa ndege mwingine wa eneo hilo, wimbo usio na habari yoyote ya hatari. Wimbo haukuwashughulisha sana. Mlio wa tahadhari uliwafanya wapunguze kula na kugeuza vichwa huku na huku. Jaribio lenyewe ni dogo, lakini nalipenda kwa sababu linaonyesha kwamba si lazima mnyama awe wa kundi, mwenye desturi ya kusikiliza wenzake, ndipo ajifunze kusikiliza wageni. Mpweke naye huazima macho. Kule visiwa vya Galápagos jambo limekwenda mbali zaidi: wale mijusi wakubwa wanaoogelea baharini hawana sauti ya kupeana habari, lakini wakisikia mlio wa tahadhari wa ndege wa hapo huinua vichwa na kuwa tayari kukimbia. Kumbe anayeelewa tahadhari si lazima awe na uwezo wa kuitoa.

Je, mnyama anaelewaje lugha asiyozaliwa nayo? Sehemu ya jibu imo kwenye sauti yenyewe. Mwaka 1955 mtaalamu wa sauti za ndege, Peter Marler, alieleza kwamba mlio wanaoutoa ndege wadogo wa aina mbalimbali wamwonapo kipanga akiruka ni mwembamba, wa juu, na mwanzo wake na mwisho wake havijitokezi. Mlio wa namna hiyo ni mgumu kujua umetoka wapi, na hivyo humlinda anayeutoa. Ule wa kumzonga adui aliyetulia, kama nyoka wa mwembeni kwa bibi, una sifa za kinyume: ni wa kukwaruza, una kishindo, na unamwelekeza kila anayeusikia mahali penyewe. Haja ileile imezaa sauti zinazokaribiana kwa ndege wasio na udugu wa karibu, kwa hiyo jirani anaweza kubahatisha maana.

Kubahatisha hakutoshi, ndiyo maana Marler huyohuyo anarudi katika habari hii miaka 25 baadaye, safari hii chini ya Kilimanjaro, upande wa Kenya. Mwaka 1980 yeye, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya tumbili wa Amboseli. Thomas Struhsaker alikuwa ameshasikia hapohapo, katika miaka ya 1960, kwamba tumbili hawana kelele moja ya hofu. Wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Watafiti hawa waliirekodi milio hiyo na kuicheza wakati hakuna adui yeyote karibu. Kwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai walitazama juu au kujitosa vichakani. Kwa mlio wa nyoka walisimama kwa miguu miwili wakachungulia nyasi. Ungemwona tumbili amesimama hivyo, mikono inaning'inia, anakagua ardhi mbele ya miguu yake, ungesema ni mtu aliyedondosha funguo.

Hadi hapo ni tumbili kwa tumbili. Lakini Amboseli kuna kwezi maridadi, yule ndege wa bluu inayometameta mwenye tumbo la rangi ya kutu, ambaye msafiri yeyote aliyewahi kula mkate nje ya hoteli ya mbugani anamfahamu. Kwezi naye ana milio tofauti kwa adui wa angani na kwa adui wa ardhini. Cheney na Seyfarth waliwachezea tumbili milio ya kwezi. Kwa ule wa adui wa angani, tumbili walitazama juu. Kwa ule wa adui wa ardhini, walikimbilia mitini. Hawakuwa wamesikia "hatari" tu, walikuwa wamesikia hatari ipi.

Na hawazaliwi wakijua. Mtoto wa tumbili hukosea sana mwanzoni. Hupiga mlio wa tai akiona njiwa, hata akiona jani linaanguka, ingawa ni nadra kuupiga kwa mnyama wa miguu minne, kana kwamba amezaliwa na muhtasari wa jambo na maisha yanamjazia yaliyobaki. Akiukosea, wakubwa hutazama juu mara moja kisha huendelea na shughuli zao. Akipatia, nao huupiga. Lugha ya kwezi hujifunza vivyo hivyo, na utafiti uliofanyika Amboseli miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watoto wanaokulia mahali ambapo kwezi hupiga kelele mara nyingi huielewa mapema kuliko wenzao. Wanasikia, wanatazama mama anafanya nini, wanamfuata.

Kuna kisa kimoja kutoka Amboseli ambacho nimekifikiria kwa muda mrefu. Tumbili wale walipochezewa mlio wa ng'ombe walikaza macho upande ule, maana ng'ombe wakija Mmaasai yu nyuma yao. Lakini hao hao hawakushtushwa na mzoga uliotundikwa juu ya mti, alama ambayo mtoto yeyote wa mfugaji angeisoma: hapa kuna chui. Mburuzo wa chatu mchangani nao waliupita bila kujali. Wana akili nyingi katika sauti, na kidogo sana katika alama zisizo na sauti. Labda ni kwa sababu ulimwengu wao ni wa kusikilizana, na habari isiyo na msemaji hawana pa kuiweka.

Sasa twende Taru. Anayesafiri kwa gari kati ya Mombasa na Voi hupita nyika hii akiwa amefumba macho, au akilalamikia joto. Ni vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mibuyu hapa na pale, na vichuguu. Ndani ya vichuguu hivyo hulala nguchiro wadogo kuliko wote Afrika, kila mmoja mwenye uzito wa gramu 300 hivi, wakiwa familia ya kumi na kitu inayotawaliwa na jike mmoja. Anne Rasa aliwafuatilia hapo kwa miaka, na mwaka 1983 akachapisha habari ambayo, kama isingekuwa na takwimu zake, ningedhani ni hadithi ya watoto.

Asubuhi, kabla nguchiro hawajatoka, hondohondo huwa wameshafika. Wanatua kwenye miti iliyo karibu na kichuguu na kungoja. Sababu yao ni tumbo: nguchiro wakipita kwenye nyasi huwafurusha panzi, na panzi anayemruka nguchiro anaangukia mdomo wa hondohondo. Jua likipanda na nguchiro bado wamelala, hondohondo huteremka kichuguuni. Hutembea juu yake, huchungulia kwenye matundu ya hewa, hupiga kelele humo ndani. Baada ya muda kichwa kimoja hujitokeza, kisha kingine. Wakishatoka wote huota jua kidogo, kisha msafara huanza, nguchiro chini na ndege juu. Na siku ambayo ndege hawajaja, ni nguchiro wanaongoja. Huchelewa kuondoka, na wakiondoka bila ndege huweka walinzi wengi zaidi. Hondohondo wakiwa wengi, walinzi wa nguchiro hupungua, maana kila mlinzi ni mdomo uliokosa kula.

Hapo tumeshatoka kwenye kudukiza. Hondohondo wa Taru huwapigia nguchiro kelele hata anapotokea ndege mla nyama asiyeweza kumdhuru hondohondo mwenyewe, yule anayewala nguchiro tu. Ndege wakubwa wasiowala nguchiro, hondohondo hawasumbuki kuwatangaza. Rasa aliona wazi kwamba tahadhari ile imekatwa kwa kipimo cha msikilizaji. Shorewanda hawakumjali bibi yangu, lakini hondohondo ana sababu ya kuwajali nguchiro: wakiliwa, naye atatafuta panzi mmoja mmoja kwa jasho lake.

Ndugu zake wa mbali, hondohondo wa msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire, wako upande wa pili wa jambo hilohilo. Wao ndio wadukizi. Hujibu mlio wa tai wa nyani wa hapo, wanaoitwa nyani wa Diana, kwa sababu tai mwenye kishungi anawala nyani na hondohondo pia. Mlio wa chui wa nyani haohao hawaujali sana, kwa kuwa chui hana habari na hondohondo. Utafiti wa Hugo Rainey na wenzake, wa mwaka 2004, uliwashangaza wengi: ndege anayesikiliza nyani na kuchagua habari ya kuishika na ya kuiacha.

Kuchagua ndiko kugumu. Mbuga ina kelele nyingi, na anayekimbia kila kelele hatakula. Mwaka 2018 Meredith Palmer na Abby Gross walichapisha utafiti kutoka Afrika Kusini ambamo waliwachezea punda milia, nyumbu na swala pala milio ya tahadhari ya wao kwa wao. Punda milia alipolia, wote waliinua vichwa. Swala pala alipolia, punda milia mara nyingi waliendelea kula. Si dharau. Swala pala huogopa maadui wengi wadogo ambao hawamgusi punda milia mzima, kwa hiyo kilio chake kinaweza kuwa cha jambo lisilomhusu punda. Punda milia akipiga kelele, ujue ni simba au mnyama wa kiasi hicho, na huyo hamkopeshi yeyote. Mnyama anapima si sauti tu bali mwenye sauti: anaogopa nini, na je, anachokiogopa yeye kinanihusu mimi?

Palipo na imani, mwongo naye hujitokeza. Kalahari kuna mramba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika ambaye kwetu pia tunamwona kwenye nyaya za umeme. Huko hufuatana na nguchiro wa jangwani na ndege wanaochakura ardhini, akikaa juu yao kama mlinzi. Mara nyingi kweli hulinda, akimwona mwewe hulia, nao hukimbia na kupona. Kisha mmoja wao anachimbua mdudu mnono. Mramba hulia tena, na safari hii hakuna mwewe. Mwenye mdudu anakiacha chakula na kukimbia, mramba anashuka kukichukua. Tom Flower, aliyewafuatilia kwa miaka, alikadiria kwamba chakula cha wizi huu ni asilimia 23 ya anachokula mramba kwa siku. Walioibiwa nao hujifunza, wakisikia mlio uleule wa uongo mara kwa mara huacha kuushtukia. Mramba hubadili. Ana mlio wake mwenyewe, na anaiga milio ya tahadhari ya wengine, ukiwemo wa huyohuyo anayemwibia. Mlio mmoja ukichuja, anatoa mwingine.

Huku kwetu Afrika Mashariki, katika Maasai Mara, dume la nyamera hufanya la kwake. Jike mwenye joto akitaka kutoka katika eneo la dume huyo, dume hukaza macho mbele, husimamisha masikio na kukoroma kama aliyemwona simba. Jike husita, hugeuka, na dume hupata nafasi yake. Jakob Bro-Jørgensen na Willine Pangle walieleza hayo mwaka 2010. Jike hana njia ya kujua. Gharama ya kupuuza mlio wa kweli mara moja ni uhai, na gharama ya kuamini wa uongo ni dakika chache. Hesabu hiyo ndiyo inayomlisha mramba pia.

Nimemweka kifaru mwisho kwa sababu habari yake imo katika lugha yetu muda wote. Yule ndege mwenye mdomo mwekundu anayepanda migongoni mwa wanyama na kuwatoa kupe tunamwita askari wa kifaru. Si mla kupe wa kifaru, si mpanda kifaru. Askari. Mtu aliyempa jina hilo alikuwa amemwendea kifaru kwa miguu, akamwona ndege akiruka na kuchachamaa, na kifaru aliyekuwa kimya akageuka.

Roan Plotz na Wayne Linklater walilichukua jina hilo la Kiswahili kama dai la kupimwa, na wakalitaja hivyo katika makala yao ya mwaka 2020. Katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, mtu alimwendea kifaru mweusi waziwazi, bila kujificha, huku upepo ukivuma kwa ubavu ili harufu isimfikie kifaru. Kifaru mweusi ana pua kali na masikio mazuri, lakini macho yake ni dhaifu mno. Vifaru wasio na ndege walimtambua mtu mara 23 kati ya 100, tena akiwa ameshafika umbali wa mita 27 hivi. Waliokuwa na ndege mgongoni walimtambua kila mara, na kwa wastani akiwa bado mita 61. Kila ndege aliyeongezeka aliongeza mita 9. Wale vifaru waliokuwa na ndege wengi walikuwa wakikwepa hata kuonekana na watafiti wenyewe.

Askari huyo hulipwa, na si kwa kupe tu. Hudonoa vidonda na kunywa damu, na vifaru weusi wana vidonda. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ndege huyu ni rafiki au kupe mwenye mabawa. Naona kifaru ameshalijibu swali hilo kwa kumwacha akae.

Mwaka 1970 Afrika ilikuwa na vifaru weusi wapatao 65,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walibaki 2,400 hivi. Kenya peke yake ilishuka kutoka vifaru 20,000 hadi chini ya 400. Bunduki ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini ndege nao walikuwa wakipungua kwa njia nyingine. Kusini mwa Afrika ng'ombe waliogeshwa katika majosho yenye sumu ya aseniki, askari wa kifaru wakala kupe wenye sumu, na katika maeneo mengi wakatoweka. Dawa zilipobadilishwa kuwa za aina isiyowaua ndege, Afrika Kusini ilianza kuwakamata kwa nyavu pale walipobaki wengi na kuwahamishia walikokwisha.

Jambo moja katika matokeo ya Plotz na Linklater halinitoki. Ndege wakipiga kelele, kifaru aligeuka, lakini hakugeukia alikokuwa mtu. Kelele ile humwambia kwamba kuna jambo, haimwambii liko upande gani. Kwa hiyo aligeukia kule upepo unakoelekea, upande ambao hakuna harufu inayoweza kumjia kutoka huko. Alijua pua yake haimlindi wapi, akaelekeza uso wake na masikio yake hapo, akasimama, huku ndege wakichachamaa juu ya mgongo wake.